Msitu Uliobaki Gazetini

Nchi yenyewe haiko karibu. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, wala asimtazame jirani yake kwa jicho la pembeni. Ni nchi ya mbali, inaitwa Ustawini, na mambo yaliyotokea huko hayawezi kutokea mahali penye watu wenye akili timamu. Huko ndiko alikoishi Ludoviko Mdendemi, Bwana Miti wa wilaya ya Lugenge, mtu mrefu, mkimya, ambaye bega lake la kulia lilikuwa limeinama kwa kazi.

Kazi hiyo aliirithi, kama wengine wanavyorithi pumu. Babu yake alizaliwa ndani ya msitu wa Lugenge, katika nyumba iliyozungukwa na mivule ambayo watu sita walioshikana mikono hawakuweza kuikumbatia. Siku moja alikuja mzungu mwenye kiko na kopo la rangi nyeupe. Akauzunguka msitu mzima akipaka mawe rangi, kisha akawakusanya wenyeji na kuwaambia kwamba wamekuwa wakiuharibu msitu huo kwa miaka mia tatu, na ni muujiza kwamba bado upo. Kwa hiyo Gavana ameamua kuuokoa. Wakahamishiwa bondeni kwenye mbu. Mwaka uliofuata, msitu uliookolewa ukaanza kukatwa mataruma ya reli, na babu akaajiriwa kuyabeba, maana sheria ilimkataza kuingia msituni kwa shida yake, haikumkataza kuingia kwa shida ya Gavana.

Bendera ikabadilika. Waziri wa kwanza wa misitu alipanda juu ya kisiki, na kilikuwa kisiki kipana, kikamtosha yeye na walinzi wake wawili, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo msitu ni wa wananchi. Watu wakapiga vigelegele, wakachukua mapanga wakaenda kukata kuni katika msitu wao. Walikamatwa wote kabla ya chakula cha mchana.

"Msitu ni wa wananchi," askari aliwafafanulia kwa upole huku akiwafunga kamba. "Nyinyi ni watu tu."

Baba yake Ludoviko alikuwa miongoni mwao. Alipotoka gerezani alipewa kibarua cha kupanda misindano pale ilipokuwa mivule, kwa kuwa Serikali mpya ilipenda miti inayojipanga mstari. Misindano ikafa kwa kiangazi cha pili, ikiwa imejipanga vizuri.

Kisha zikaja sera. Ustawini hakuna waziri aliyewahi kuikuta sera nzuri ofisini, kama ambavyo hakuna bibi harusi anayekubali kulalia godoro la mwenzake. Ikaja Sera ya Kupanda, ikaja Sera ya Kuvuna Kilichopandwa, ikaja Sera ya Kutathmini Kilichokuwepo. Ludoviko alipotoka chuoni, kijana mwenye kaki zilizopigwa pasi, alikuta Sera ya Ushirikishwaji, akaihubiri kijiji kwa kijiji kwa moyo wake wote: wanakijiji watashiriki kuulinda msitu, wageni watashiriki kuuvuna.

Msomaji asimcheke. Alikuwa anaupenda msitu kweli. Ile sehemu ya ndani kabisa, ambayo reli haikuifikia, alikuwa ameihesabu kwa miguu: mivule mikubwa elfu moja, mia moja na arobaini. Akipita aliigusa kwa kiganja, mmoja mmoja, kama mtu anayepita kati ya ng'ombe wake jioni.

* * *

Mheshimiwa Dakta Athanasi Kilindo alipoteuliwa Waziri wa Misitu na Mustakabali, alifika Lugenge kwa helikopta. Akauzunguka msitu mara mbili kutoka juu, akatua kwenye uwanja wa shule, akapangusa macho kwa leso.

"Ndugu zangu wa Lugenge," alisema, "nimeuona msitu wenu, na moyo wangu umevunjika. Miti imezeeka! Mti una miaka mia tatu, bado umesimama, unangoja nini? Huku chini miche michanga inalilia jua. Mzee amekaa mlangoni, mtoto hapiti! Serikali sikivu haiwezi kuuvumilia ukatili huu."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Uvunaji wa Uokoaji. Kazi ya kuokoa ilipewa kampuni ya Chipukizi Njema, iliyosajiliwa Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Mkurugenzi wake alikuwa shemeji yake Waziri, mtu mwenye maono makubwa, kwani misumeno alikuwa ameshainunua Jumatatu.

Ustawini gogo haliwi halali mpaka ligongwe nyundo ya Serikali. Ni nyundo nzito, yenye herufi kichwani, na ukiipiga kwenye tako la gogo inaacha alama ambayo askari wa vizuizini huiona, wakafungua njia. Mwenye nyundo ya Lugenge alikuwa Ludoviko. Siku ya kwanza hakuigusa. Aliketi akaandika barua wizarani, kwa heshima na taadhima, akijulisha kwamba kati ya miti iliyokatwa asubuhi ile, mingine haijafika umri hata wa kuitwa mtu mzima.

Majibu yalifika baada ya siku nne: "Barua yako imepokelewa. Unakumbushwa kwamba umri wa mti huamuliwa katika ngazi ya wizara."

Majibu hayo yaliletwa kwa mkono na mkuu wake, Mhifadhi wa Mkoa Bwana Petronilo Sichalwe, mtu mnene wa maneno matamu, aliyesoma naye darasa moja chuoni.

"Ludo, ndugu yangu," Sichalwe alimwambia, akimshika lile bega, "nyundo haina macho. Kwa nini unaiazima yako?"

Ludoviko akagonga. Aligonga kwa miaka mitatu, malori arobaini kwa siku, na mlio wake ulisikika hadi bondeni, ko, ko, ko, mpaka watoto wa shule wakaufanya wimbo wa kuruka kamba. Utomvu ulimganda vidoleni, ukanuka kama kitu kilicho hai. Mkewe, Leokadia, aliona kwamba mumewe ananawa kabla ya kula, ananawa baada ya kula, kisha anainuka tena katikati ya mazungumzo kwenda kunawa. Aliongeza tu ndoo ya pili mlangoni.

Lori la mwisho lilishuka na magogo yasiyozidi unene wa paja. Ludoviko aliyagonga nayo. Moja lilipasuka kwa pigo, maana lilikuwa bichi na jembamba, halikuwa na mahali pa kubebea herufi zote za Serikali.

* * *

Jambo moja la kushangaza kuhusu Ustawini ni kwamba kadiri misitu ilivyonyauka, Idara ya Misitu ilichanua. Makao makuu yalipanda ghorofa ya nne. Kilianzishwa Kitengo cha Mivule, chenye watumishi kumi na wanne, kuuhudumia mvule mmoja uliobaki makao makuu, ambao ulikuwa kwenye nembo ya Idara. Kila mwaka Gazeti la Serikali lilichapa upya orodha ya hifadhi, na Lugenge ilikuwamo, hekta elfu nne na mia mbili, haijapungua hata tawi.

Ni hekta hizo ambazo Waziri Kilindo aliziuza. Si ardhi, la hasha, aliuza hewa. Watu wa nchi za baridi, wenye viwanda vingi na dhamiri inayowasumbua, walikuwa wakitafuta msitu wa kuwasafishia moshi wao, na Waziri akawaonyesha Gazeti. Wakafurahi sana. Wakanunua pumzi ya Lugenge ya miaka thelathini, kisha wakaandika kwamba watamtuma mpimaji, mama mmoja mwenye kamba, aje aikumbatie miti kadhaa aone ukubwa wake.

Wizara ilikutana siku tatu mfululizo. Kwanza ilibadilisha tafsiri ya kisheria. Msitu ukawa ni "eneo lolote ambalo Serikali ina kumbukumbu njema nalo." Ilipita bila kupingwa. Lakini mjumbe mmoja, kijana bado, akauliza kama kumbukumbu inaweza kuzungushiwa kamba. Ndipo Waziri aliposema neno la hekima: kama msitu hauonekani, basi na aonekane aliyeumaliza.

* * *

Aliyeonekana alikuwa Bi Semeni Nyakunga, mjane, mfinyanzi wa vyungu pale bondeni tangu alipokuwa binti. Kuni zilipokwisha alijifunza kuchoma vyungu kwa magunzi ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe. Wiki ile mvua ilinyesha bila kituo, magunzi yakaloa, na vyungu tisa vya arusi ya watu vilikuwa vinamngoja. Akapanda kilimani kutafuta chochote kikavu. Alitembea asubuhi nzima juu ya ardhi tupu, nyekundu, iliyochimbwa mifereji na mvua, na kitu pekee cha mti kilichosimama katika hekta zote zile kilikuwa nguzo ya bango la Idara. Akaitikisa, ikang'oka. Bango lenyewe alilibandua akalilaza chini taratibu, kwa kuwa lilikuwa mali ya Serikali.

Askari wa doria, ambaye alikuwa na miaka mitano hajapata mtu wa kumkamata, alikimbia kuteremka kilima karibu alie kwa furaha.

"Mama, hukuona bango? Limeandikwa USIKATE MTI!"

"Nimeliona, mwanangu," Bi Semeni alijibu, nguzo ikiwa kichwani. "Nikageuka huku, nikageuka huku, nikautafuta huo mti mliouzuia. Nikaona labda ndio huu uliolishikilia."

Akafunguliwa mashtaka ya kuteketeza msitu wa Lugenge, hekta elfu nne na mia mbili, kwa njia ya vyungu.

Bwana Sichalwe alimwita Ludoviko ofisini, akamkabidhi kurasa nane zilizochapwa vizuri. Ulikuwa ushahidi wa kitaalamu, wenye majedwali, ukionyesha idadi ya miti inayoliwa na chungu kimoja kimoja, mara miaka ya mshtakiwa tangu avunje ungo.

"Unasoma tu," alisema. "Huongezi, hupunguzi."

Ludoviko akafunua kurasa. "Bwana Mkuu, mama huyu hana hata shoka."

"Ndiyo maana imemchukua miaka arobaini na minane."

"Mimi nilikuwepo, Petro. Wewe pia ulikuwepo."

Sichalwe alifunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu nje. "Umebakiza miezi minane kustaafu, Ludo. Mheshimiwa amekuandalia nishani ya Miaka Mia ya Uhifadhi. Itakuwa na jina lako. Unataka afe nani? Yeye ni kikongwe, atafungwa kidogo, atakula bure."

Jioni ile Leokadia alimtengea mumewe ugali na mlenda, akasimama.

"Utasoma?"

"Nitasoma."

Leokadia akaiinua sahani, mvuke ukiwa bado unapanda. "Basi ukale kwa hao waliokuandikia," alisema, akairudisha jikoni.

* * *

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa Bi Pelagia Mwenisongole, mwanamke makini sana, aliyesifika kwa kutokwenda kinyume na maandishi. Juu ya meza ililazwa nguzo, imefungwa utepe, imeandikwa Kielelezo cha Kwanza. Mwendesha mashtaka, Bwana Nsemwa, alipita mbele yake kwa kunyata, kana kwamba ni maiti.

Ludoviko akaapa, akaanza kusoma. "Chungu kimoja cha maji hutumia miti miwili mikubwa na mmoja wa kati. Chungu cha pombe, kwa kuzingatia upana wa mdomo wake..."

Watu walicheka. Bi Semeni hakucheka. Alinyoosha mkono kizimbani.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba nimuulize huyu mtoto wa Anzeleni neno moja."

Akaruhusiwa.

"Ludo," alisema, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "siku tulipomzika Anzeleni, mama yako, nilikuletea chungu cha kunawia waombolezaji. Hukunilipa, wala sikukudai, ulikuwa msiba. Nacho kilikula miti mingapi?"

Ludoviko alitafuta kwenye kurasa. Alitafuta kweli, jasho likimtoka, kwa kuwa macho yalihitaji mahali pa kwenda. Akazikunja kurasa nane akaziweka juu ya nguzo.

"Mivule mikubwa ilikuwa elfu moja, mia moja na arobaini," alisema. "Niliihesabu mwenyewe. Yote ilikatwa na Chipukizi Njema kwa amri ya Waziri, na yote niliigonga mimi. Hakuna hata mmoja ulioliwa na chungu. Huyu mama amechukua nguzo moja. Na nguzo hiyo, Mheshimiwa, Idara iliiagiza nchi jirani, kwa sababu hapa Lugenge hapakuwa na mti wa kutoa nguzo. Kilimani pale ndio mti pekee uliokuwa umesimama."

Mahakama ililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akavua kofia akaipunga. Ludoviko alisikia mwili wake ukiwa mwepesi, hata bega likanyooka kidogo. Bwana Nsemwa alingoja kelele ziishe. Hakuonekana kuwa na shida yoyote.

"Shahidi, magogo hayo yote yalikuwa na alama ya nyundo?"

"Yote."

"Ahsante. Mheshimiwa Hakimu, mti uliovunwa kwa nyundo ya Serikali, kisheria haujakatwa. Umehamishwa kituo cha kazi."

Hakimu Mwenisongole aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma. Mahakama, alisema, haina mamlaka ya kulibishia Gazeti la Serikali, na Gazeti linasema msitu wa Lugenge upo. Kilichopo hakiwezi kuwa kimeteketezwa. Shtaka la kuteketeza msitu linafutwa.

Vigelegele vikaanza tena. Hakimu akagonga meza.

"Sijamaliza. Mshtakiwa amekiri kuchukua mti ndani ya hifadhi. Upande wa mashtaka ulidhani ni mmoja kati ya mingi, jambo ambalo lingestahili faini. Lakini Bwana Miti, mtaalamu, ameieleza mahakama hii chini ya kiapo kwamba ndio mti pekee uliokuwa umesimama. Kwa hiyo mshtakiwa ametwaa asilimia mia moja ya miti yote ya eneo lile. Mahakama haijawahi kuona uharibifu mkubwa kiasi hicho kwa mkono wa mtu mmoja. Miaka miwili."

Bi Semeni alimtazama Ludoviko wakati anateremshwa. Hakumlaumu. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepewa msaada na mlevi.

Ludoviko alifukuzwa kazi wiki ile ile, kwa kosa la kutaja idadi ya miti bila idhini ya maandishi. Mpimaji kutoka nchi za baridi alipofika alionyeshwa hukumu, ikiwa imetafsiriwa na kugongwa muhuri. Akaisoma mara mbili. Akaandika kwamba nchi inayomfunga mtu miaka miwili kwa ajili ya nguzo moja lazima ni nchi yenye kuithamini miti kuliko zote alizowahi kupima, na hakuona haja ya kufungua kamba.

* * *

Alhamisi moja, mwezi wa tatu wa kifungo, Leokadia alifunga viazi na samaki mkavu kwenye kitambaa, akamwambia mumewe ampelekee Bi Semeni. Ludoviko akatembea mpaka gerezani. Askari wa getini akamwambia wafungwa wa kike hawapo, wamekwenda kuni.

"Kuni wapi?"

"Ndololo. Jiko letu linakula malori mawili kwa wiki, ndugu yangu. Usiogope, ni halali, tuna kibali cha Idara."

Ndololo ilikuwa hifadhi ya jirani, ya mwisho upande ule wa nchi, ambayo sera ilikuwa bado haijaifikia. Ludoviko alipanda karibu akikimbia. Aliwasikia kabla hajawaona. Wanawake kumi na wawili wenye magauni ya kifungo walikuwa wameuzunguka mvule mmoja mpana kama nyumba, na aliyekuwa karibu zaidi na shina, shoka mkononi, viganja vimefungwa vitambaa vilivyolowa damu, alikuwa Bi Semeni.

"Umekuja, mwanangu," alisema, akihema. "Unaona? Walisema najua kazi hii. Leo ndio wananifundisha."

Askari magereza aliyekuwa kivulini alimtambua Ludoviko, akainuka haraka.

"Bwana Miti! Mungu amekuleta. Huu tumeukata pande zote, sasa hatujui utaangukia wapi. Wiki iliyopita mwingine ulimvunja mama mmoja nyonga."

Ludoviko aliutazama. Ulikuwa umetafunwa kama na panya, kwa kimo kisicho sawa, na kule juu kilele kilikuwa kimeanza kuelemea upande walikosimama wanawake. Hapakuwa na namna ya kuurudisha. Upepo wa alasiri ulikuwa unaanza. Ungeanguka saa ile au baada ya saa moja, na ungeanguka hapo.

"Mama, toka hapo," alisema. "Njoo nyuma yangu. Nyote, nyuma yangu, mpaka kule kwenye mwamba!"

Akalichukua shoka mkononi mwa Bi Semeni. Akauzunguka mti, akaweka kiganja kwenye gome, akakiondoa. Kisha akakata mahali panapotakiwa, mapigo kumi na manane, vizuri, kama alivyofundishwa chuoni. Mvule ukalia, ukajigeuza, ukaondoka upande wa bonde na kuangusha kila kitu kilichokuwa njiani. Ndege wakapaa kwa kelele. Jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia, likawamulika wanawake usoni, wakafumba macho, halafu wakapiga makofi kwa sababu walikuwa wazima wote.

"Jina lako kamili nani vile?" askari aliuliza, akitoa daftari mfukoni. "Nitakuombea kibarua. Tuna Ndololo nzima bado."

Ludoviko alikuwa ameshaingia kichakani. Aliinama, mikono magotini, akatapika, akatapika tena mpaka yakabaki maji machungu matupu. Bi Semeni alimfuata akamshika mgongoni kwa kile kiganja chenye vitambaa.

"Jikaze, Ludo," alimwambia polepole. "Upepo unazidi, na kuna wa pili kule tumeufikisha nusu."